Kupima kama vifaranga wa samaki wanawajua ndugu zao kwa harufu: mwongozo kamili kwa walioshindwa

Wengi wanaofanya jaribio hili hurudi na jibu moja: "Samaki wangu hawachagui." Kifaranga anawekwa katikati ya mfereji, upande huu yanapita maji yaliyolaliwa na ndugu zake, upande ule maji ya wageni, naye anazunguka huku na huku kana kwamba yote ni maji tu. Wengine hupata jibu zuri kupita kiasi. Samaki wote wanakimbilia upande mmoja, kisha inagundulika kwamba upande huo ndio wenye kivuli.

Mimi nimepita njia zote mbili. Safari yangu ya kwanza niliandika kwa furaha vifaranga 12 kati ya 12 upande wa kushoto, nikawatangazia wenzangu. Siku mbili baadaye nilitia kipimajoto kwenye ndoo na kukuta ya kushoto ina nyuzi 2 zaidi, kwa sababu ilikaa karibu na dirisha. Walikuwa wanafuata joto, na udugu haukuhusika hata kidogo.

Tangu hapo nimeona makosa ya watu wengi, na karibu yote yana asili mbili: maji, au malezi ya wiki ya kwanza. Samaki mwenyewe ni nadra kuwa na kosa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo yanayotangulia siku ya jaribio.

## Samaki wa kutumia

Tumia danio milia, yule mdogo mwenye mistari ya buluu ubavuni, ambaye jina lake la kisayansi ni Danio rerio. Mayai yake ni angavu, hivyo unaona kila kinachoendelea ndani. Anakua haraka. Zaidi ya hayo, ndiye samaki ambaye jambo hili limechunguzwa kwa kina: mwaka 2008 mwanabiolojia Gabriele Gerlach na wenzake walionyesha kwamba vifaranga wa danio huikariri harufu ya ndugu zao katika dirisha la saa 24 tu, siku ya 6 tangu yai liliporutubishwa.

Vifaranga wa jamii ya salmoni nao wanatambua ndugu, lakini wanahitaji maji baridi na subira ya miezi. Gapi huzaa vifaranga hai, kwa hiyo huna mamlaka juu ya siku zao za mwanzo, nazo ndizo tunazozihitaji. Anza na danio.

## Andaa hivi kwanza

Vya ufugaji
- Danio wakubwa: majike 2 na madume 2, kutoka kwa wafugaji wawili tofauti
- Vyombo 2 vya kuzalishia, kila kimoja na wavu wa plastiki wa kuinuliwa juu kidogo ya sakafu
- Vyombo 4 vya kulelea, vinavyofanana kabisa kwa umbo, rangi na ukubwa
- Kipasha joto, kipimajoto, pampu ya hewa yenye matoleo manne na mawe ya hewa
- Dawa ya kuondoa klorini, na vipimo vya amonia na naitraiti
- Pipeti za plastiki zenye mdomo mpana na kioo cha kukuzia
- Paramesia au rotifera (viumbe wadogo mno wa majini) kwa siku za mwanzo, mayai ya atemia (uduvi wadogo wa maji ya chumvi) kwa baadaye

Vya mfereji
- Kihori cha plastiki au akriliki chenye urefu wa sentimita 40, upana wa 6 na kina cha 5
- Ndoo 2 za lita 12, mpya, zinazofanana
- Mpira mwembamba wa hewa mita 4 na koki ndogo 2
- Mirija ya kunywea, fungu moja
- Wavu laini, silikoni isiyo na dawa ya kuua ukungu
- Chombo cha kupimia mililita, saa ya sekunde, simu ya kurekodia video
- Rangi mbili za chakula, nyekundu na buluu

Ndoo zisiwe zimewahi kushika sabuni. Plastiki hunywa harufu na kuitoa polepole, nawe hutaisikia. Samaki ataisikia.

## Hatua ya 1: Panga wazazi, dume mmoja kwa jike mmoja

Hapa ndipo kosa la kwanza huingia. Mtu anachota mayai kutoka tangi lenye samaki kumi na kuyaita "familia moja". Hiyo ni mitaa mitatu imekusanywa. Ndani yake mna ndugu wa baba tofauti, wa mama tofauti, na wasiohusiana kabisa.

Weka jike mmoja na dume mmoja kwenye kila chombo. Jike ana tumbo la mviringo, dume ni mwembamba na huelekea umanjano. Jozi ya kwanza iite A, ya pili B. Wazazi wa A wasiwe ndugu wa wazazi wa B, ndiyo sababu nikasema wafugaji wawili.

*Umefaulu ikiwa:* una jozi mbili, kila moja na chombo chake, na lebo isiyofutika kwa maji.

## Hatua ya 2: Pata mayai asubuhi moja

Jioni watenganishe jike na dume kwa kizuizi cha plastiki angavu ndani ya chombo kilekile, maji yakiwa nyuzi 28. Zima taa. Asubuhi washa taa na uondoe kizuizi. Danio hutaga mwanga unapoanza, mara nyingi ndani ya saa moja au mbili. Mayai huanguka chini ya wavu ambako wazazi hawafiki. Bila wavu watayala, na watayala kwa kasi ya kukuacha mdomo wazi.

Jozi zote mbili zitage siku moja. Zikipishana hata siku mbili, harufu ya umri na ukubwa itachanganyika na harufu ya ukoo na hutaweza kuzitenganisha. Mmoja akigoma, tupa mpango wa siku hiyo, walishe vizuri, rudia baada ya wiki.

Baada ya saa chache pitia mayai kwa kioo. Mazima ni angavu kama tone la maji, yaliyokufa ni meupe kama maziwa. Ondoa meupe yote, maana ukungu huanzia hapo na kuhamia kwa majirani.

*Umefaulu ikiwa:* una mayai mazima yasiyopungua 100 kwa kila familia. Utapoteza mengi njiani, usiwe na matumaini ya bure.

## Hatua ya 3: Linda siku 6 za kwanza kuliko kitu chochote

Siku inayoheshimika hapa ni siku ya kurutubishwa, na hiyo ndiyo sifuri. Wengi huhesabu kuanzia kuanguliwa. Danio huanguliwa kati ya siku ya 2 na ya 3, kwa hiyo anayehesabu hivyo anadhani yuko siku ya 4 kumbe dirisha linafunguka mbele yake, na siku anayodhani ni ya 6 limekwisha kufungwa.

Kinachotokea ni hiki. Siku ya 5 kifaranga anawaona wenzake na kukariri sura yao, alama za rangi mwilini mwao. Siku ya 6 pua nayo inakariri harufu. Zote mbili zinahitajika: asiyewaona ndugu siku ya 5 hakariri harufu yao siku ya 6. Kwa hiyo vyombo vya kulelea visikae gizani. Mpe mwanga saa 14 na giza saa 10.

Kuna jambo lingine lililonishangaza nilipolisoma mara ya kwanza. Kifaranga hakariri harufu yoyote atakayowekewa. Ukimlea siku ya 6 katikati ya wageni, hawakariri hao wageni. Anabaki bila kumbukumbu ya ukoo. Yaani ana kipimo cha ndani kinachomwambia "hii inafanana na yangu". Kipimo hicho kinahusishwa na jeni za kinga za mwili, zinazoitwa kwa kifupi MHC, ambazo vipande vyake vidogo vya protini hutoka mwilini na kuingia majini. Wahenga walisema udugu si kufanana bali kufaana. Danio hakubaliani nao: kwake kufanana kwanza.

Kwa vitendo, fanya hivi:

- Familia A yote ikae chombo kimoja hadi siku ya 7 ipite. Familia B vilevile, chombo kingine.
- Usichanganye maji ya A na B. Pipeti ya A isiguse B. Usitumie chujio moja kwa vyombo vyote.
- Joto liwe nyuzi 28 muda wote. Chombo kikipoa ukuaji unachelewa, na hesabu yako ya siku haitalingana tena na mwili wa kifaranga.
- Siku ya 5, mfuko wa hewa ulio ndani ya mwili ukishajaa na vifaranga wakianza kuogelea wima kwenda juu, anza kuwapa paramesia kidogo mara kwa mara.

Onyo: usisafishe vyombo kwa maji mengi mapya siku ya 6. Unaosha harufu siku ileile inayotakiwa kukaririwa. Badilisha robo ya maji siku ya 4, kisha uwaache mpaka ya 7.

*Umefaulu ikiwa:* asubuhi ya siku ya 7 una makundi mawili, wengi wao wakielea katikati ya maji badala ya kulala chini, na daftari lako lina saa na tarehe ya kila ulichofanya.

## Hatua ya 4: Igawe kila familia mara mbili

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na bila hiyo jaribio zima ni bure.

Tuseme umemjaribu kifaranga kwa harufu ya wenzake wa chombo kimoja dhidi ya harufu ya chombo cha jirani, naye akachagua wenzake. Amechagua ndugu, au amechagua alikozoea? Huwezi kujua. Hata wewe ungefuata harufu ya chumba chako.

Kwa hiyo siku ya 8 gawanya. Familia A iwe A1 na A2, familia B iwe B1 na B2, kila kundi na chombo chake. A1 na B1 ndio watakaojaribiwa. A2 na B2 ni watoa harufu. Kutoka siku hiyo A1 hawaonani na A2 wala kushiriki maji nao. Baada ya wiki kadhaa, harufu ya chombo cha A2 kwa kifaranga wa A1 ni ya ndugu asiyemzoea. Ndicho tunachotaka.

Tazama sasa uzuri wa mpango huu. Vifaranga wa A1 na wa B1 watajaribiwa kwa ndoo zilezile mbili: moja ya A2, nyingine ya B2. Kama ndoo ya A2 inavutia kwa sababu nyingine, tuseme ina joto zaidi au mabaki ya chakula, makundi yote mawili yataifuata na utagundua mara moja. Lakini wa A wakienda A2, na wa B kwenye maji hayohayo wakaenda B2, visingizio vya ndoo vimekwisha.

*Umefaulu ikiwa:* kila kundi kati ya manne lina vifaranga wasiopungua 25, na vyombo vimepangwa kwa mchanganyiko kwenye rafu, si A wote juu na B wote chini.

## Hatua ya 5: Lea hadi wiki ya 5

Hapa sina mengi. Chakula kilekile, kiasi kilekile, saa ileile kwa makundi yote manne. Kuanzia karibu siku ya 10 ongeza atemia waliototolewa asubuhi hiyo. Amonia na naitraiti visomeke sifuri. Vifo vingi hutokea katika wiki ya pili kwa njaa au kwa maji machafu yaliyotokana na kuogopa njaa, yaani kulisha kupita kiasi.

Kundi moja lisipewe chakula tofauti hata siku moja. Harufu ya samaki hubeba alichokula.

Usisubiri wakomae. Danio hukomaa kwa takriban miezi 3, na majike waliokomaa hugeuka: wanapochagua mwenzi hupendelea harufu ya dume asiye ndugu. Ukijaribu samaki wa umri mchanganyiko, mapenzi ya utotoni na tahadhari ya ukubwani vinafutana na wewe unapata sifuri. Wiki ya 5 ni wakati mzuri: wanaogelea kwa nguvu na bado ni watoto.

## Hatua ya 6: Jenga mfereji

Lengo ni mikondo miwili ya maji ipite bega kwa bega ndani ya kihori kimoja bila kuchanganyika, ili kifaranga avuke kutoka harufu moja kwenda nyingine kwa kupiga mkia mara moja.

1. Kwenye ncha ya mwanzo weka kizuizi cha katikati chenye urefu wa sentimita 10, ukigandishe kwa silikoni. Sasa una vyumba viwili vya kuingilia maji.
2. Kata mirija ya kunywea vipande vya sentimita 4. Vipange vikiwa vimelala, vikielekea mbele, hadi vijaze mdomo wa kila chumba. Maji yakitoka kwenye mpira huwa yanazunguka, mirija inayanyoosha.
3. Mbele ya mirija weka wavu laini. Sentimita 20 mbele yake weka wavu mwingine. Eneo kati ya nyavu hizo ndilo uwanja wa kuchagua.
4. Ncha ya mwisho toboa tundu pana au kata ukingo kwa urefu wa sentimita 2.5 kutoka sakafuni, maji yamwagikie kwenye beseni. Kina kitabaki 2.5 wakati wote.
5. Chini ya kihori, kwa nje, chora mstari wa katikati kwa kalamu nyeusi.
6. Weka ndoo zote mbili juu ya rafu moja, sentimita 60 au zaidi juu ya mfereji. Kila ndoo na mpira wake, kila mpira na koki.

Acha silikoni ikauke kwa muda ulioandikwa kwenye bomba lake, kisha loweka kihori siku mbili ukibadilisha maji. Kikiwa bado kina harufu ya siki, rudia.

*Umefaulu ikiwa:* kihori kimelala sawasawa kabisa, hakivuji, na maji yanatoka mwisho kama pazia badala ya kudondoka.

## Hatua ya 7: Jaribu kwa rangi kabla ya samaki yeyote

Usiiruke hii hata kama una haraka ya kupata matokeo.

Jaza ndoo moja maji yenye rangi nyekundu, nyingine buluu. Fungua koki mpaka kila mpira utoe mililita 100 kwa dakika, ukipima kwa chombo cha mililita, kila upande peke yake. Kwa upana wa 6 na kina cha 2.5, maji yatasogea karibu sentimita 13 kwa dakika, mwendo wa polepole sana. Ndivyo inavyotakiwa. Ukiongeza kasi yanaanza kujipinda na kuchanganyika.

Sasa inama utazame kutoka juu. Mwanzoni rangi hupapasa kingo, kisha zinakutana mbele ya kizuizi na kuanza kwenda pamoja, nyekundu huku, buluu kule, na katikati mstari mmoja mwembamba wa zambarau kama mshono wa nguo. Mshono huo ukifika wavu wa pili bado umenyooka, mfereji wako uko tayari. Ukiyumba, upande mmoja unatoa zaidi au kihori kimeinama. Ukivunjika na kuwa mawingu, mirija haijabanana vizuri au kasi ni kubwa.

Sasa badilisha: hamisha mpira wa nyekundu uende kulia na wa buluu kushoto. Pima muda mpaka rangi mpya ishike uwanja wote. Kwa vipimo hivi ni kama dakika 2. Mimi husubiri 3. Andika namba hiyo, utaitumia.

Ukimaliza suuza kila kitu kwa maji ya tangi, zaidi ya mara moja.

## Hatua ya 8: Tengeneza maji ya harufu

Jioni kabla ya jaribio, ondoa watoa harufu kwenye chakula. Subiri saa 2 wapate kujisaidia, kisha wahamishe: vifaranga 20 wa A2 kwenye ndoo moja yenye lita 12 za maji safi yasiyo na klorini, vifaranga 20 wa B2 kwenye ndoo nyingine. Maji yatoke chanzo kimoja, saa moja. Weka jiwe la hewa kila ndoo na uwaache saa 12.

Asubuhi watoe kwa wavu wao wenyewe, kila familia na wavu wake, warudishe nyumbani na uwalishe. Nyonya uchafu wa chini. Pima joto la ndoo zote mbili na la chombo cha wanaojaribiwa: tofauti isizidi nusu nyuzi.

Onyo la mikono: usitumbukize mkono. Mafuta ya ngozi, sabuni, krimu, vyote vinaingia majini. Vaa glavu zisizo na unga, na uzisuuze kwanza.

Onyo la klorini: kuacha maji wazi usiku kucha huondoa klorini ya kawaida, lakini maji yaliyotiwa kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) hayasafiki hivyo. Tumia dawa. Klorini kidogo isiyoua samaki yaweza bado kuumiza pua yake, nawe utabaki kulaumu udugu.

## Hatua ya 9: Maji matupu dhidi ya maji matupu

Siku moja kabla ya jaribio lenyewe, jaza ndoo zote mbili maji safi na upitishe vifaranga 10 wa ziada kutoka A1 na B1. Hawatatumika tena.

Kwa kuwa hakuna harufu upande wowote, wanapaswa kugawanyika bila mpango. Wakipenda upande mmoja, tafuta sababu: taa, kivuli chako, mtikisiko wa pampu, ukuta mweusi upande mmoja. Funika pande za kihori kwa karatasi nyeupe na uweke taa juu, katikati. Rudia hadi upendeleo uishe.

Mimi nilihitaji siku tatu kumaliza hatua hii. Mkosaji alikuwa shati langu jekundu.

## Hatua ya 10: Jaribio

Mpe msaidizi kazi ya kuzibandika ndoo alama, nyota na duara, bila kukuambia ipi ni ipi. Ukijua, jicho lako litaanza kuwasaidia samaki. Halafu rusha sarafu kuamua nyota ianzie upande gani.

1. Fungua maji dakika 3 uwanja ujae.
2. Mshushe kifaranga mmoja katikati ya mstari kwa kikombe kidogo, si kwa wavu. Mmoja tu. Wakiwa watatu wanafuatana, na hapo unapima urafiki wao.
3. Mwache dakika 2 azoee.
4. Rekodi dakika 4. Kila sekunde 10 andika kichwa chake kiko upande upi. Unapata alama 24.
5. Hamisha mipira, kushoto iende kulia. Subiri dakika 3.
6. Rekodi dakika 4 tena. Jumla alama 48.
7. Mtoe, mpeleke chombo cha waliomaliza. Pima tena mililita za kila koki kabla ya anayefuata, kwani ndoo zikipungua kasi nayo hushuka.

Kila samaki hutumia karibu lita 1.6 kwa kila ndoo, kwa hiyo lita 12 zinatosha samaki 6 kwa siku: watatu wa A1, watatu wa B1, kwa kupishana. Siku 7 zinatosha kwa samaki 20 wa kila familia.

Amua kabla ya kuanza nani hahesabiwi: kifaranga asiyevuka mstari hata mara moja katika dakika 2 za kuzoea aondolewe. Usiamue baada ya kuona matokeo.

Atakayechagua utamtambua kwa namna anavyovuka. Anaingia maji ya mgeni, anakwenda urefu wa vidole viwili, anasimama, kisha anageuka kwa kona kali na kurudi kwenye mshono. Kwenye maji ya ndugu hageuki haraka hivyo. Anatulia, anakabili mkondo, mkia unatikisika taratibu.

## Hatua ya 11: Hesabu

Usijumlishe alama zote 48 za samaki wote kana kwamba ni ushahidi 960. Samaki mmoja ni shahidi mmoja.

Kwa kila samaki uliza tu: zaidi ya nusu ya alama zake ziko kwenye maji ya familia yake? Ndiyo, mweke kundi la ndugu. Chini ya nusu, kundi la wageni. Sare, mwondoe. Ukiwa na samaki 20, unahitaji 15 au zaidi kwenye kundi la ndugu ili useme kwa kawaida si sadfa. Kwa samaki 18 ni 14, kwa 12 ni 10, kwa 10 ni 9. Fanya hesabu ya A peke yake na ya B peke yake.

Usitarajie kifaranga wa alama 48 kati ya 48. Huyo ninamtilia shaka. Upendeleo wa kweli ni mdogo na unajirudia kwa samaki baada ya samaki.

## Bado wanagoma?

A na B wote wanafuata ndoo moja. Watoa harufu wa ndoo hiyo ni wakubwa zaidi, wengi zaidi, au walikula. Sawazisha urudie hatua ya 8.

Familia moja inachagua, nyingine haichagui. Rudi kwenye daftari la siku ya 5 na 6. Mara nyingi utakuta chombo hicho kilipoa, kilibadilishwa maji, au kilifunikwa.

Hakuna anayechagua. Rudia rangi. Mshono ukiwa umenyooka, chunguza undugu wa wazazi: kama A na B wametoka kwenye ukoo mmoja, vifaranga wako wanachagua kati ya ndugu na binamu.

Wanakaa pembeni bila kuogelea. Wana hofu. Punguza mwanga, ongeza muda wa kuzoea hadi dakika 5, na usimame mbali, ukitazama kwa simu.

Walichagua siku tatu za kwanza kisha wakaacha. Angalia mipira kwa ndani. Ute mwembamba wa bakteria hujijenga na kushika harufu za jana. Suuza kwa maji ya moto kila jioni, bila sabuni, na uikaushe ikiwa imening'inia.

Ukishapata matokeo safi na jozi A ikikupa mayai mapya, kuna jambo moja zaidi la kufanya. Kabla hayajaanguliwa, weka mayai 40 kila moja kwenye kikombe chake, maji na joto vilevile. Walee peke yao hadi siku ya 8, kisha uwaunganishe na uwakuze kama wengine. Wapitishe kwenye ndoo zilezile za A2 na B2. Hawa hawakuwa na ndugu wa kumwona wala wa kumnusa dirisha lilipokuwa wazi, kwa hiyo wakigawanyika nusu kwa nusu pale ndugu zao wa A1 walipochagua, umeshaipata siku ya 6 kwa mkono wako mwenyewe. Vikombe 40 ni kazi ya kuchosha kulisha, anza na pipeti nzuri.